Akidi ya Watu Kumi na Sita

Mimi ukatibu sikuuomba. Nalisema mapema kwa sababu wapo watu hapa Mwanza ambao mpaka leo wanadai Paskazia alipenda cheo. Cheo gani, jamani. Kosa langu lilikuwa moja tu: kwenye kikao cha kwanza nilikwenda na kalamu. Mwenyekiti wa muda akauliza nani ataandika, watu wakapapasa mifuko, wakaniona mimi na kalamu yangu ya bluu, basi. Tangu saa ile nikawa Katibu wa Chama cha Wahudumu wa Dharura, mkoa mzima, bila mshahara, bila meza, bila hata karatasi. Wanaita kujitolea. Nimeolewa miaka kumi na tisa, na hata mume wangu hajawahi kunituma kama lile neno.

Mwaka ulikuwa tisini na saba. Mwaka mmoja nyuma meli ilikuwa imezama na watu wetu, na sisi tuliokuwa kazini wiki ile hatukutaka kukutwa tena kila mtu kivyake, huyu ana machela hana gari, yule ana gari hana mafuta. Ndiyo maana ya chama: wauguzi wa mapokezi, matabibu, watu wa zimamoto na madereva wa magari ya wagonjwa tukae pamoja, tufundishane, tujuane. Wazo lilikuwa zuri na silitukani. Ninaowatukana ni watu, nikiwemo mimi.

Tulimchagua Ponsian kuwa mwenyekiti. Ponsian ni tabibu, Mhaya mwenzangu, aliyefungua zahanati yake Nyakato mara serikali iliporuhusu watu binafsi. Ni mtu mzuri na anajua kazi yake, ila anapenda utaratibu kama wengine wanavyopenda nyama choma. Mpe kikao cha watu watatu chini ya bati, atauliza kwanza kama ajenda imethibitishwa.

Chama lazima kiwe na katiba, na msajili alitaka nakala tatu. Nani aandike? Katibu. Nilikuwa nimetoka zamu, macho yananiuma, nikachukua katiba ya chama cha kuzikana cha akina mama wa Pasiansi, ambayo ilikuwa imeshasajiliwa na haina maneno, nikaketi kwenye taipureta ya ofisi ya matroni nikaanza kubadilisha. Palipoandikwa marehemu nikaweka mgonjwa. Palipoandikwa msiba nikaweka dharura. Kifungu cha kumi na moja nilikiruka kwa usingizi, ndiyo maana chama chetu kinaahidi kupeleka gunia la mkaa nyumbani kwa wafiwa. Hicho tulikicheka sana. Kifungu cha saba hakuna aliyekicheka, kwa sababu hakuna aliyekisoma, hata mimi niliyekipiga chapa.

Kifungu cha saba kilisema hivi: mwanachama atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila kutoa udhuru kwa maandishi siku mbili kabla ya kikao, amejifuta mwenyewe uanachama. Kwa akina mama wa msiba ni sheria nzuri, inawabana wavivu. Sasa mwambie mtu wa gari la wagonjwa aandike leo barua kwamba keshokutwa saa tisa mchana ataitwa kumfuata mtu aliyepigwa pembe na ng'ombe.

Mtu mwenyewe alikuwa Nkwabi. Huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali yetu, Msukuma wa Magu, miaka arobaini na sita, mrefu kiasi kwamba magoti yake yaligusa usukani wa ile Land Rover. Mimi nilimwita Ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma, yeye aliniita Sista, na akitaka kunichokoza aliniita Nshomile, kwamba sisi Wahaya tumesoma mpaka tumepitiliza. Miaka kumi na saba aliendesha lile gari. Hakufundishwa na mtu, lakini alikuwa akisikia mgonjwa anavyopumua huko nyuma anajua akanyage mafuta au apunguze.

Kikao cha kwanza alichokosa, alikuwa na mama mjamzito aliyejifungulia garini kabla hawajafika lami. Cha pili, gari lilizimika Usagara na mgonjwa ndani, akawa anasukuma. Cha tatu alikuwa mwaloni kwenye mitumbwi, mchuuzi wa dagaa kaangukiwa na magunia. Na mimi kwa mkono wangu nikaandika kwenye kumbukumbu: Nkwabi, hakuhudhuria, bila udhuru. Mara tatu. Fomu ilikuwa na safu mbili tu, udhuru na bila udhuru, na barua sikuwa nayo.

Ningelisahau jambo hilo kama serikali isingekuwa inapunguza wafanyakazi. Waraka ulikuja pale hospitali: madereva watano watabaki wawili, na watakaobaki ni wenye cheti cha huduma ya dharura. Cheti hicho hakikuwepo popote, mpaka wafadhili walipokubali kuendesha kozi ya wiki mbili kupitia chama chetu. Nafasi zilikuwa sita, kwa wanachama hai tu, na majina yalitakiwa Jumatatu asubuhi. Bila kozi hakuna cheti, na bila cheti Nkwabi anarudi Magu na mke na watoto sita, akalime pamba ambayo hajaigusa tangu ujana wake.

Nikaenda zahanati kwa Ponsian kuangalia orodha ya wanachama hai. Nikaisoma juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu.

"Mwenyekiti, Nkwabi hayumo."

"Amejifuta."

"Amejifuta vipi? Mtu wa dharura tumemfukuza kwa sababu alikuwa kwenye dharura?"

"Hatukumfukuza, Katibu. Soma kifungu cha saba."

"Nimekiandika mimi."

"Basi unakijua," akasema, akaendelea kumpima mtu presha.

Ilibidi nitoke nje nipumue. Ponsian hakuwa na chuki na Nkwabi, na afadhali angekuwa nayo, chuki unaweza kuibembeleza. Alikuwa na katiba tu. Niliporudi ndani akaniambia njia ni moja: kikao maalumu, theluthi mbili ya wanachama wawepo, wapige kura ya kumrudisha. Tulikuwa ishirini na nne. Akidi yetu, watu kumi na sita.

Hebu jaribu kuwakusanya watu kumi na sita wa dharura mahali pamoja siku moja. Wiki nzima nilizunguka mji kwa miguu. Huyu yuko zamu, yule ametoka zamu amelala, mwingine anauliza kama kutakuwa na posho. Odeta, muuguzi mwenzangu wa hospitali ya upande wa pili, aliniambia atakuja ila ana hoja. "Hoja gani, dada?" "Nitaitoa kikaoni." Mayala wa zimamoto ndiye peke yake aliyesema ndiyo bila kuuliza chochote. Nikabadilisha zamu za watu, nikaahidi soda na sambusa za kukaanga mwenyewe, mpaka pale mapokezi kwetu Jumamosi hiyo akabaki muuguzi mmoja tu, binti anaitwa Rose. Nikamwambia ni saa mbili tu, mwanangu, vumilia.

Jumamosi saa nane tukakutana kwenye darasa la shule moja ya msingi Nyakato, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya darasa la tatu. Nikahesabu. Kumi na wanne. Nikahesabu tena kana kwamba watazaana. Saa tisa kasoro akaja wa kumi na tano, na saa tisa na robo akaingia Odeta na mkoba wake. Kumi na sita kamili, pamoja na mimi. Nilikaribia kulia.

"Mwenyekiti, akidi imetimia. Tupige kura."

"Tuanze na sala, Katibu."

Tukasali. Tukajitambulisha, watu tunaojuana miaka kumi. Tukathibitisha ajenda. Nikaomba hoja ya Nkwabi ipande iwe ya kwanza, Ponsian akasema ajenda ikishathibitishwa haibadilishwi. Tukaingia kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita, Odeta akanyoosha mkono: ameandikwa Odeta tupu, wakati yeye ni Muuguzi Daraja la Kwanza. Nikasahihisha. Yakaja yatokanayo na kumbukumbu. Sambusa zikapoa. Nilikuwa nimekaa mbele yao na ile kalamu, nikawaza hawa watu mgonjwa akiletwa wanakimbia, nimewaona kwa macho yangu wakikimbia, sasa wakishika karatasi wanapatwa na nini.

Tulipofika kwa Nkwabi ilikuwa inakaribia saa kumi. Odeta ndipo akatoa hoja yake: je, dereva ni mtaalamu? Chama ni cha wataalamu. Dereva kazi yake kuendesha.

Hapo nikasimama. Sitasema nilizungumza vizuri, nilizungumza kwa hasira. Niliwaambia habari ya yule mama aliyejifungulia garini, namna Nkwabi alivyomkata mtoto kitovu na kumfunga kwenye shati lake, peke yake, kwenye vumbi. Niliwaambia mara ngapi nimepokea mgonjwa kutoka kwake ameshafungwa bandeji sawasawa, mimi sina la kuongeza. "Mnauliza kama ni mtaalamu? Yule mpeleke popote. Hahitaji muuguzi wala tabibu. Nkwabi peke yake anatosha." Watu wakatikisa vichwa, hata Odeta akaangalia chini. Nikaona tumeshinda.

Ndipo nikasikia muungurumo wa Land Rover ninaoujua, na Nkwabi mwenyewe akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hodi. Samahani, wakubwa," akasema. "Sista, lori la pamba limepinduka Buswelu. Wale wanunuzi wanaokimbizana. Kuna mtu mguu umeumia. Rose yuko peke yake kule, kaniambia nipitie hapa nichukue mtu."

Wanunuzi binafsi mwaka ule walikuwa wanashindana nani afike kijijini mwanzo, malori yanajazwa mpaka yanayumba, na kila wiki moja lilikuwa linalala ubavu. Tulishazoea.

"Mguu tu?" nikauliza.

"Aliyeleta habari ni mtu wa pikipiki. Amesema mguu."

"Damu?"

"Hakusema. Sikumwuliza sana, nimekimbia."

Ponsian alikuwa anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, ingawa alijua jibu. "Katibu," akasema taratibu, "tuko kumi na sita. Akitoka mmoja hapa, akidi imevunjika, na Jumatatu ndiyo mwisho."

Nilimwangalia Nkwabi. Alikuwa anajua tunakutana kwa ajili yake, mji mzima ulijua, na hakusema neno la kumsukuma mtu upande wowote. Alisimama tu anasubiri mtu wa kwenda naye. Mayala akaanza kuinuka kutoka kwenye lile dawati dogo, goti moja limeshatoka nje.

"Kaa, Mayala," nikamwambia.

Ni mimi niliyesema. Si Ponsian, si Odeta. Mayala akakaa.

"Ngosha, tangulia," nikasema. "Si umeshafunga miguu mingapi wewe? Kura ni dakika tano. Tukimaliza nakuja moja kwa moja hospitali."

Akanitazama kidogo, halafu akatazama wale wengine, dawati kwa dawati. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kusoma. "Haya, Sista," akasema, akavaa kofia. Tulisikia gari likishika barabara ya Buswelu.

Dakika tano, nilisema. Odeta akaomba kura iwe ya siri, kwa sababu inahusu mtu. Ponsian akakubali, ni haki yake kikatiba. Nikachana karatasi za daftari vipande kumi na sita. Kalamu zilikuwa nne, zikazungushwa. Tukahesabu, zikawa ndiyo kumi na tano, na moja imeandikwa sawa. Ponsian akaiinua ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza kama sawa ni kura halali. Nikasema Mwenyekiti, hata bila hiyo tumepita. Akasema ndiyo, lakini lazima tujue imeharibika au haikuharibika, maana zikiwa kumi na tano halali mtu anaweza kuja kusema waliopiga hawakutimia akidi. Wakajadiliana. Watu wenye akili zao, wanaoshona vidonda na kutoa watoto, walijadiliana kuhusu karatasi ile robo saa nzima, na mimi nilikuwa naandika. Mwishowe aliyeiandika akajitaja, alikuwa mzee mmoja wa zimamoto, akasema jamani si ni kitu kilekile. Ikapitishwa. Kumi na sita.

Nilijaza fomu ya kozi hapohapo, Ponsian akagonga muhuri, akanipa mkono. "Hongera, Katibu. Umeona? Utaratibu ukifuatwa mambo yanakwenda." Nilikuwa na haraka. Na nikiri, nilikuwa na furaha. Nilipanda gari la abiria mpaka mjini nimeishika ile fomu kwa mikono miwili isikunjike.

Land Rover ilikuwa nyuma ya hospitali, penye bomba, milango ya nyuma imefunguliwa. Nkwabi alikuwa amevua shati, anamwaga maji ndani kwa ndoo. Maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa mekundu. Sikuuliza. Miaka yote ile pale mapokezi, mtu hahitaji kuuliza.

Kwenye ngazi alikuwa amekaa mwanamke amejifunga kanga moja, nyingine imeloa ameishika mapajani. Nyuzi za pamba zilikuwa zimemganda kichwani.

"Mke wa yule wa lori," Nkwabi akasema bila kugeuka. "Mumewe anaitwa Masele, alikuwa mpakiaji. Mshipa wa paja. Nilimfunga kwa shati, nikamfunga vizuri, Sista, damu ikasimama. Barabara ile unaijua. Kila shimo linalegeza. Nikasimamisha gari, nikaenda nyuma nikakaza, nikarudi mbele. Nikasimamisha tena. Mara nne nimesimama. Nikikaza gari haliendi, nikiendesha hakuna anayekaza."

"Na mkewe? Si alikuwa nyuma naye?"

"Alikuwa amemshika kichwa. Nilimpigia kelele ashike mguu, abane. Hakunisikia, injini ile. Au alinisikia akaogopa. Yeye ni mkulima, angejuaje?" Akamwaga ndoo nyingine. "Mtu yeyote kati yenu angejua. Tulipofika Mabatini hakuwa anapumua tena."

Nilisimama pale na karatasi yangu. Nilitaka kumwambia nilidhani ni mguu tu. Nilitaka kumwambia ni Ponsian, ni Odeta na daraja lake la kwanza, ni waraka wa serikali, na kila kimoja kilikuwa kweli na hakuna kilichofaa kusemwa mbele ya yule mwanamke. Nilihisi aibu mpaka miguuni. Ni mimi niliyemkalisha Mayala.

Mwishowe nikasema lile nililokuja nalo.

"Umerudishwa chamani. Jina lako linakwenda Jumatatu."

Akaweka ndoo chini. "Kwa kura ngapi?"

"Zote. Kumi na sita."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza, angenizaba kofi ningemshukuru.

"Watu kumi na sita," akasema. "Na mimi nilikuja kuomba mmoja."

Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua fomu, akaisaini juu ya boneti akanirudishia, akaenda kumtafutia yule mama usafiri wa kurudi Buswelu.